Swali la lugha: Ni moyo uliopimwa, au ni damu?

Msomaji wa Kondele, Kisumu, anauliza ikiwa kifaa kidogo cha kielektrokemia kinachotambua viashiria vya ugonjwa wa moyo katika tone la damu kiitwe kihisi, bayosensa au, kama alivyosikia redioni, "kipimamoyo".

Kihisi kinafaa: ni kitenzi hisi, chenye asili ya Kiarabu, kilichopewa ki- ya vifaa. Bayosensa naivumilia, kwa kuwa wataalamu wameizoea na haimpotoshi mtu. Kipimamoyo sikikubali hata kidogo, na kinachonikera zaidi ni mazoea yaliyokizaa, yaani kusema "kupima moyo".

Mtu anatoka hospitalini Nakuru au Kakamega, anawaambia jamaa zake: "Nimepimwa moyo, sina neno." Amepimwa nini hasa? Huenda alibandikwa nyaya kifuani, umeme wa moyo ukarekodiwa. Huenda alipakwa jeli, moyo ukapigwa picha kwa mawimbi ya sauti. Huenda alitolewa damu tu. Vipimo hivyo vitatu hujibu maswali matatu tofauti, na daktari wa zamu atakayempokea usiku, kifua kikimbana, hataambulia chochote katika kauli hiyo.

Kihisi chenyewe hakiugusi moyo. Juu ya elektrodi yake, yaani kipande kinachopitisha umeme, hupachikwa kingamwili (protini za kinga ya mwili) zinazonasa troponini, protini ya misuli ya moyo ambayo huvujia kwenye damu misuli hiyo inapoumia. Ikishanaswa, mkondo wa umeme hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalosomwa. Kilichopimwa, basi, ni troponini, kwa nanogramu katika lita. Kiwango chake chaweza kupanda kwa sababu ya figo zilizodhoofika au maambukizi makali, na chaweza kuwa bado chini katika saa za kwanza za mshtuko wa moyo, ndiyo maana damu hutolewa tena baada ya saa chache. Anayeambiwa kwamba moyo umeshapimwa ataondoka kabla ya damu ya pili, na hapo lugha mbovu inakuwa hatari kwa maisha ya mtu.

Kwa kisukari hatukukosea. Glukomita, kifaa cha kupimia sukari katika damu, ni ya ukoo huohuo, uliotokana na elektrodi ya kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) iliyoelezwa na mwanasayansi Mmarekani Leland Clark mwaka 1962, nasi husema "nimepimwa sukari". Hakuna asemaye amepimwa kongosho, kiungo kinachotoa insulini ya kudhibiti sukari hiyo. Tuseme vilevile "nimepimwa troponini", na ambaye neno hilo halimkai mdomoni aseme "nimepimwa damu kuangalia kama misuli ya moyo imeumia", kisha ataje saa aliyotolewa damu hiyo.