Kabla hujamjibu mgeni mkali, mtazame anavyotembea

Wadogo zangu mliopata leseni ya kuongoza wageni Kilimanjaro msimu huu, nawapenda, ila mnanichosha. Juzi geti la Machame kiongozi msaidizi mmoja alimfokea mpagazi wa rika la baba yake mbele ya mizani, eti mzigo umezidi kilo 20 na kundi linachelewa. Umezidi kweli. Aliyeufunga nani? Huyo huyo anayefoka. Haya, andikeni.

1. Mpagazi mtu mzima anaanza kupewa shikamoo, ndipo mnazungumza uzito. Mzigo ukizidi, hamisha vitu, lawama ziache.

2. Mpishi hasahihishwi mbele ya watu. Subiri agawe chakula, ingia hema la jikoni na kikombe chako cha chai, mwambie taratibu. Akikununia umeumia, maana ndiye anayeona sahani ya nani imerudi imejaa. Hili nimelilipia, na ndilo linalonileta kwenye la tatu.

3. Mgeni mkali. Nilikuwa chifu mpya, yaani kiongozi mkuu wa msafara, kichwa kimevimba. Mgeni mmoja, mtu mzima, mpole kabisa hadi kambi ya Shira, alianza visa tulipofika kambi ya Barranco: maji ya kunawa ya baridi, hema limeinama, mara mimi mwongo. Kambi ya Barafu, mita 4,673, akaniita mwizi mbele ya wenzake. Nami Kiingereza ninacho! Nilimjibu hoja kwa hoja, nikamtolea mpaka mkataba, wenzake wakatazama chini. Kipimo cha oksijeni cha jioni akakataa. Nikaandika "amekataa", nikafunga daftari, nikaenda kulala nimeshinda. Mpishi naye nilikuwa nimemkaripia mchana kwa ajili ya supu, kwa hiyo hakuona haja ya kuniambia kwamba yule bwana hajagusa chakula tangu jana yake.

Saa tano usiku tunaamka kwenda kileleni, mgeni ameketi anatazama kamba za buti kama mtu aliyepewa hesabu ngumu. Nikamwomba atembee kisigino kikigusa kidole, hatua chache tu. Ya pili akaenda upande. Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba kwa mwinuko, na zile kelele zote za Barranco zilikuwa dalili. Tulimshusha usiku ule ule kwa njia ya Mweka, oksijeni usoni, wapagazi wakipokezana kumshika, na mpishi niliyemkaripia ndiye aliyetangulia na taa. Kambi ya Mweka, karibu mita 3,100, kumepambazuka, akaniuliza kwa adabu begi lake liko wapi. Habari za mwizi hakuzikumbuka hata neno. Mimi ninazo mpaka leo, pamoja na majibu yangu.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa mpole getini akibadilika ghafla huko juu, usimjibu bado. Kichwa kinauma? Amekula? Amekojoa? Amelala? Mpitishe kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole. Akiyumba, mnashuka, hakuna mjadala wala kusubiri asubuhi. Akitembea sawasawa na hayo maswali yote yako salama, huenda ni mkorofi tu, na wapo, wengine wanaanza tangu uwanja wa ndege wa KIA wakisubiri mabegi. Huyo mpe mambo mawili achague moja, kwa sauti ya chini, pembeni, mbali na hema la kulia. Mkishafikia mwafaka acha kuongea. Wengi wenu mnaharibu kwa sentensi ya ziada.

4. Askari wa hifadhi: salamu, karatasi mkononi, basi.

5. Mhasibu wa ofisini. Makubaliano yote ya posho na siku za ziada yaandikwe kwenye simu kabla hamjapanda, kwa sababu mkishashuka kila mtu amesahau isipokuwa wewe. Na usimpigie ukiwa bado geti la Mweka una vumbi na njaa. Rudi Moshi, oga, kula ndizi nyama yako, kesho yake nenda na risiti zimepangwa kwa tarehe.