Shangazi, mwanangu anamwita dada wa kazi mama

Barua ya leo imetoka Dar, kwa wakili wa mwaka wa sita kazini, nimeifupisha:

"Shikamoo Shangazi. Naamka saa 10 alfajiri huku Mbezi ili niiwahi barabara kabla ya foleni, narudi saa 3 usiku mtoto kashalala. Wiki iliyopita nilipandisha majibu ya madai kwenye mfumo wa mahakama saa 5:40 usiku, siku ya 21 yenyewe, ya mwisho kisheria, mtandao unazunguka tu na mikono inatetemeka. Nikifika kitandani najibu wateja Whatsapp. Juzi mwanangu wa miaka mitatu kaanguka sebuleni, mimi nimekaa pale pale, kanipita kakimbilia kwa dada wa kazi anamwita mama. Mume wangu hasemi kitu. Kazi naipenda. Niache uwakili?"

Marahaba mwanangu, na pole sana, hiyo ya mtoto kukupita imenikaa moyoni siku mbili nzima. Ila nianze na huyo dada, tafadhali usimnunie wala usimbadilishe, mtoto kamkimbilia kwa sababu anapendwa hapo nyumbani na hiyo ni baraka, wangapi wanalia kwa kukosa mtu wa hivyo.

Uwakili usiache. Au basi usiamue wiki hii, mtu aliyelala masaa manne haamui jambo la maisha.

Kabla ya safu hii nilikuwa sekretari kwenye ofisi ya mawakili, miaka mingi tu, nikichapa hati na kukimbiza mafaili masijala, kwa hiyo hayo unayoniambia nayajua kwa macho yangu. Kuna mama mmoja sitamsahau, alikuja na mfuko wa rambo umejaa karatasi za shamba lake, kashindwa kesi Mahakama Kuu anataka rufaa, wakili wake akamwambia usijali. Notisi ya rufaa, yaani karatasi ya kusema unakusudia kukata rufaa, kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 toka hukumu isomwe, yule wakili alikuwa na kesi nyingi kuliko wewe, akaja kushtuka zimepita mbili. Siku mbili tu jamani! Na ukiomba kuongezewa muda Mahakama ya Rufani inataka ueleze kila siku uliyochelewa, hata ikiwa moja, na "nilibanwa na kazi" hapo haisaidii. Yule mama alikaa kwenye benchi letu kimya ameukumbatia ule mfuko, na aliyechelewa wala siyo yeye. Ndo maana ile saa 5:40 yako imenitisha kuliko kitu kingine chochote kwenye barua. Kweli kanuni zinasema ukipandisha kabla ya saa 6 usiku imehesabika siku hiyo, lakini umeme ukikatika je, control namba, ile ya kulipia ada ya mahakama, ikigoma kulipika je, utamwambia nini mteja?

Sasa pale ofisini kulikuwa pia na mzee mmoja, wakili, kesi zake zilikuwa nyingi kupita wenzake wote na saa 11 jioni alikuwa anaondoka, kila siku. Nilikuwa namshangaa mpaka nikaja kumwelewa. Alikuwa na dayari ndogo ya mfuko wa shati, mlango wa mahakama hatoki mpaka kaandika namba ya kesi, hakimu nani, tarehe ijayo, na inakuja kwa ajili ya nini, kutajwa, yaani kuangalia tu imefikia wapi, au kusikilizwa yenyewe. Akifika ofisini ananipa mimi naandika kwenye dayari kubwa. Halafu kila siku ya mwisho ya kisheria alikuwa anairudisha nyuma wiki nzima anaipiga wino mwekundu, kwake yeye hizo siku 21 za majibu ya madai zilikuwa 14, ya 15 ashachelewa. Hukumu ikisomwa asubuhi, kama mteja anataka rufaa basi notisi na barua ya kuomba mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, vinachapwa mchana ule ule, tena nakala ya barua anapelekewa upande wa pili, kabla hata hajala. Nilichapa mimi kwa vidole hivi.

Na hakimu akimpa tarehe alikuwa hasemi sawa mheshimiwa mpaka afungue dayari. Wewe nina hakika unasema sawa kwanza, ndo unajikuta una kesi ya mahakama ya Kisutu saa 3 na ya mirathi Temeke saa 3 hiyo hiyo, unaanza kupiga simu ukiwa kwenye foleni. Kusimama ukasema "mheshimiwa siku hiyo nina shauri lingine, naomba ya pili yake" siyo utovu wa adabu, ni kazi yako. Za kutajwa tu tafuta mwenzako wa kuaminika akushikie brifu, yaani asimame badala yako, na wewe umshikie zake, au uulize kama mahakama hiyo inaruhusu kuingia kwa video. Za kusikilizwa nenda mwenyewe.

Asubuhi ni ya mahakama mwanangu, hiyo huwezi kuigombania, utakaa kwenye benchi masaa matatu uambiwe jalada halijaonekana, basi beba kitu cha kusoma. Mchana ndo wako, na naona unaugawa kama njugu. Mteja kupiga, voisi noti ya dakika saba, binamu anataka umwangalizie mkataba wa pango bure, ikifika jioni ndo unafungua faili la kuandikia ukiwa hoi, na hapo ndo zinapozaliwa zile saa 5:40. Weka saa moja ya wateja, tuseme saa 9 mpaka saa 10, umwambie kila mteja siku ya kwanza kabisa na uiandike kwenye barua ya makubaliano. Wachache watanuna. Wa polisi usiku, mtu kakamatwa, huyo apige. Anayetaka kujua kesi imefikia wapi atangoje kesho yake, hafi.

Nyumbani sasa. Mtoto wa miaka mitatu haelewi wikiendi nitakufidia, anaelewa kitu kinachorudi rudi. Chukua siku mbili katikati ya wiki, mfano Jumanne na Alhamisi, saa 10 unatoka ofisini, na uiandike kwenye dayari kwa wino ule ule mwekundu pamoja na kesi zako, ili hakimu akiitaja Alhamisi jioni uone pameshajaa. Umwogeshe wewe, umlishe wewe, simu iwe kwenye droo chumbani. Dada apumzike siku hizo.

Na mume wako usimwachie huo ukimya, mwite mkae leo usiku mtoto akilala, umsomee barua uliyoniandikia mimi, yote, mpaka hapo kwenye mikono kutetemeka, maana nina wasiwasi hajui kama ilitetemeka. Halafu uniandikie amesema nini.