Maswali na majibu: Mwenye nyumba haonekani, mji umejaa mapagala

Safari hii maswali mengi yanahusu nyumba zilizojengwa ndani ya gemu za mtandaoni na wachezaji walioacha kuingia. Wanaouliza ni wa aina mbili: maadmini (wasimamizi) wa seva ndogo wanaotaka kusafisha mji, na wenye nyumba wanaoogopa kusafishwa. Nimewajibu pamoja, maana kila upande unahitaji kusikia shida ya mwenzake.

Kaka, seva yangu ya Minecraft ina wachezaji kama arobaini. Pale mjini nusu ya nyumba wenyewe hawajaonekana tangu mwaka jana, na wageni wanakwenda kujenga porini kwa kukosa viwanja. Nifyeke?

Usifyeke kwanza. Ugomvi mwingi wa nyumba zilizoachwa unatokana na kuchanganya vitu viwili, kiwanja na mali iliyomo ndani. Kiwanja cha katikati ya mji ni haki ya wanaocheza leo. Aliyeondoka hakitumii, na mgeni akipita mtaa mzima bila kukutana na mtu anaondoka kabla hajajenga hata ukuta mmoja. Lakini almasi, vitabu vya uchawi na deraya ni jasho la mtu, na jasho haliozi kwa sababu mwenyewe hayupo. Chukua kiwanja, mtunzie mali yake.

Kwa Minecraft hilo linawezekana bila gharama yoyote. Ukiwa na WorldEdit (programu ya nyongeza ya kuhariri majengo), weka alama pembe mbili za kiwanja, andika //expand vert ili uchukue kuanzia handaki la chini kabisa mpaka juu ya paa (watu huficha vitu vya thamani chini ya sakafu), kisha //copy -e, halafu //schem save na jina la mwenyewe pamoja na tarehe. Hiyo -e usiisahau. Bila hiyo, masanduku yatahifadhiwa na vilivyomo, lakini picha za ukutani, fremu na vishikio vya deraya vitaachwa nje, na mara nyingi deraya bora ya mtu ndiyo iliyotundikwa hapo. Lijaribu faili kwanza kwenye ulimwengu wa majaribio. Ukiona kila kitu kipo, ndipo ufute jengo. Siku mwenyewe akirudi, mpe kiwanja kipya, bandika nyumba yake kwa //paste -e, mara moja tu. Ukibandika mara mbili, kila sanduku linazaa pacha wake na bei sokoni zinaporomoka.

Kabla ya yote hayo, weka kibao mlangoni na umtumie ujumbe popote unapompata. Wiki mbili za taarifa zinatosha.

Niweke siku ngapi? Nimeona GriefPrevention, programu ya kulinda maeneo ya wachezaji, inakuja na 60.

Ndiyo, 60 ndiyo wanayoanza nayo: mwenye eneo asipoingia kwa muda huo, umiliki wake unafutika. Zipo nyingine mbili ambazo maadmini wengi hawazisomi. Siku 7 ni za lile eneo dogo linalojitengeneza mtu mpya anapoweka sanduku lake la kwanza, na siku 14 ni za eneo lililozungushiwa bila kujengwa kitu cha maana. Hiyo ya 14 iache ilivyo, inazuia watu kuhodhi ardhi.

Hiyo 60 ndiyo inayoumiza seva zetu. Angalia orodha ya wachezaji wako: wengi ni wanafunzi, na wengi wao wako bweni ambako simu ni marufuku. Kenya muhula wa kwanza unakaribia miezi mitatu. Mtoto anaondoka nyumbani Januari, anarudi Aprili na kukuta ardhi yake ina mwenyewe mwingine, wakati hakuacha gemu hata siku moja moyoni. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye kompyuta sebuleni inamfukuza mchezaji wako mwaminifu kuliko wote. Mimi ningeweka 120, kisha niruhusu mtu kuandikisha safari: "nipo shule mpaka Aprili", na saa ya kuhesabu siku zake inasimama.

Saa isimame pia kwa wote pale mtandao unapozimwa. Uganda walikaa siku kadhaa bila intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Siku ambazo mtu hakuweza kuingia zisihesabiwe kana kwamba alikataa kuingia.

Jambo la mwisho hapa: umiliki ukifutika, nyumba haibomoki. Inabaki pale pale na masanduku yake wazi kwa yeyote apitaye. Kwa hiyo fanya ile kazi ya kuhifadhi kabla siku haijafika, usingoje baada yake.

Nina nyumba ndogo mtaa wa Lavender Beds kwenye Final Fantasy XIV. Kazini wananituma nje miezi miwili. Nikiendelea kulipia akaunti, nyumba itasalimika?

Haitasalimika, dada. Saa yao haiangalii malipo. Inahesabu siku tangu mwenye nyumba alipoingia ndani ya jengo, na zikifika 45 bila yeye kuingia, nyumba inabomolewa. Kuzurura mjini Limsa Lominsa hakukusaidii, kusimama bustanini hakukusaidii. Lazima upite mlangoni. Rafiki uliyemkaribisha kama mpangaji akiingia, hesabu yako haibadiliki.

Kwa hiyo ingia siku ya mwisho kabla ya safari, na utafute kompyuta mara moja tu huko uendako, kabla ya siku ya 45. Usimpe mtu nywila yako akuingilie. Unaweza kupoteza akaunti nzima kwa kuokoa nyumba.

Ikishindikana kabisa, usikate tamaa. Baada ya kubomolewa, samani zako zinatunzwa siku 35 kwa mhudumu wa mtaa, na unarudishiwa asilimia 80 ya gil (fedha za gemu hiyo) ulizonunulia kiwanja. Piga hesabu: nyumba inaanguka siku ya 45, wewe unarudi siku ya 60, bado una siku 20 za kuchukua vitu vyako. Ziandike kwenye kalenda sasa hivi. Na kama kazi yako ni ya safari za mara kwa mara, chumba cha gil 500,000 kwenye jengo la ghorofa kitakufaa zaidi, kwa sababu vyumba vile havina saa ya kubomoa.

Niongeze kwamba wenye gemu ile wanajua kusimamisha saa watu wanapopatwa na makubwa. Walifanya hivyo mwaka 2020 wakati wa korona, na Januari 2025 moto ulipounguza Los Angeles. Kila admini aige hapo.

Kwa nini wasiongeze viwanja tu, kila mtu akae na chake milele?

Wapo walioamua hivyo. World of Warcraft, walipoeleza mpango wa nyumba zao mwaka 2025, waliahidi kwamba hakuna bahati nasibu, hakuna ada ya kutunza nyumba, na ukiacha kulipia gemu hunyang'anywi. Mtaa una viwanja kama 50, na ikijaa mitaa iliyopo, mwingine unazaliwa. Final Fantasy XIV wameshika njia nyingine: kila kata ina viwanja 60 na kata zina ukomo, ndiyo maana kiwanja kikipatikana watu wanakigombania. Kabla ya Aprili 2022 wachezaji walikuwa wanasimama mbele ya kibao cha kiwanja wakibonyeza saa nyingi, kwa sababu muda wa kufunguliwa kwake ulikuwa siri. Siku hizi ni bahati nasibu: siku 5 za kuandikisha, siku 4 za matokeo.

Ila usidhani ardhi ikiwa tele tatizo limekwisha. Star Wars Galaxies, iliyofunguliwa 2003 na kufungwa Desemba 15, 2011, ilikuwa na sayari nzima za kujenga, na miji yake ilikuwa na meya wa kuchaguliwa kwa kura. Watu walipopungua, nyumba zilibaki zimetapakaa nyikani maili kwa maili, taa zinawaka na ndani hamna mtu. Mgeni hakuweza kujua mji upi una watu na upi ni maiti. Mwishowe waliruhusu nyumba za walioondoka kwa muda mrefu zifungashwe: jengo linatoweka pamoja na vilivyomo, na mwenyewe akirudi anaikuta nyumba yake mkononi, tayari kuisimamisha kwingine na kila kitu mahali pake. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora ambao gemu yoyote imewahi kufanya kuhusu jambo hili. Mji ulipata nafasi, na hakuna aliyeporwa.

Si nyumba ikifa, mali ni ya aliyewahi? Kwenye Ultima Online ndivyo ilivyo.

Ni kweli, na kule imekuwa mchezo ndani ya mchezo tangu miaka ya 1990. Kibao cha nyumba kinaonyesha uchakavu hatua kwa hatua mpaka ile ya mwisho, ya karibu kuanguka. Hapo watu wanakusanyika, wanakesha, wanapeana zamu. Nyumba ikiporomoka, vitu vya miaka na miaka vinamwagika chini na kila mmoja anajikusanyia. Pale Felucca, ambako kuuana kunaruhusiwa, watu wanapigana juu ya kifusi.

Kwa walioingia gemu ile wakijua sheria hiyo, sina neno. Lakini seva ya watu arobaini wanaofahamiana kwa majina si Felucca. Atakayerudi na kukuta upanga wake kiunoni mwa jirani hatarudi tena, na jirani ataendelea kuchekelea mbele ya wengine ambao nao watasafiri siku moja.

Mwenzetu alifariki. Nyumba yake bado ipo kwenye seva yetu. Wengine wanasema iachwe, wengine wanasema inawaumiza kila wakipita.

Poleni sana. Msiamue mwezi huu. Ondoa eneo lake kwenye hesabu ya siku, funga masanduku, na uhifadhi nakala mahali pawili tofauti. Kama mnaifahamu familia, waulizeni kama wangependa kuiona. Mzazi anaweza kuwa hajui kabisa kwamba mwanawe alijenga kitu. Mpelekeeni mtu mmoja mwenye kompyuta, amtembeze ndani taratibu. Baadaye, mkiona inawaelemea, mnaweza kuihamisha nzima hadi sehemu tulivu kuliko kuibomoa.

Kuna mtu anaingia dakika moja kila mwezi ili tu asipoteze nyumba, kisha anatoka. Tumfanye nini?

Mwacheni. Ametimiza sheria mliyoweka, na anayekumbuka kurudi kila mwezi bado anaupenda mji wenu. Kama mnahitaji kiwanja chake kwa barabara au soko, mwombeni ahame na mumpe kizuri zaidi, kazi ya kuhamisha ifanywe na ninyi.