Madoa meupe kwenye meno ya mtoto: madini yanarudi kweli?

Jambo dada. Unauliza kama madoa meupe ya mwanao wa miaka 7 yanaweza kupona, kama ulivyosoma kuhusu majaribio ya maabara.

Kwanza angalia yamekaa wapi. Sisi wa Goma tuko chini ya volkano, na maji ya huku, sehemu nyingine, yana floridi nyingi (madini yanayoimarisha meno, ila yakizidi huleta madoa). Binti yangu nilimsugua meno miezi mizima, kumbe ni floridi ya maji, wala si kuoza! Madoa ya floridi hufanana kushoto na kulia. Ya kuoza hupenda karibu na ufizi, panapoganda uchafu, tena hayang'ai.

Kama ni ya kuoza na hakuna tundu, madini yaliyotoka kwenye jino hurudi. Ila maabara hutumbukiza meno yaliyong'olewa kwenye asidi, kisha kwenye maji ya kalsiamu na fosfati, na jino la chupani halili mandazi. Mdomoni, pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, madini yanatoka tena. Punguza soda na biskuti za kila saa. Mswaki mara mbili, dawa kiasi cha punje ya njegere, floridi 1000 hadi 1500 ppm (kipimo cha floridi, soma tyubu), ateme bila kusukutua.

Ukiona tundu, usingoje, mpeleke kwa daktari wa meno. Bila kuyaona siwezi kukuamulia.