Jibu: Kwa nini papa ni samaki na pomboo siye

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mwanao kafundishwa kuwa papa ni samaki na pomboo siye, ilhali wote wana mapezi na bahari ni moja. Swali zuri hilo.

Ukishuka soko la Deep Sea hapa Tanga, mtazame papa mkiani. Mkia umesimama wima, huupeleka kushoto na kulia, na ubavuni ana mipasuko ya matamvua, yaani viungo vya kupumulia majini. Mkia wa pomboo umelala bapa, huupiga juu na chini. Hana matamvua, huibuka kuvuta pumzi kwa tundu la utosini, na mtoto wake hunyonya. Basi ni mamalia, ngeli (kundi) moja na ng'ombe.

Mpangilio huu wa kugawa viumbe katika makundi ulianzia kwa Carl Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18. Siku hizi ngazi, toka kundi kubwa hadi dogo, ni himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kinachotafutwa ni nasaba, umbo hudanganya.

Anayenishangaza mimi ni silikanti, samaki yule wa vilindini ambaye wavuvi wetu wa Tanga humnasa mara mojamoja. Wataalamu walidhani alitoweka zamani za dinosauri, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mapezi yake yana nyama na mifupa ndani, mfano wa mkono. Tunamwita samaki, lakini kwa nasaba yuko karibu nasi kuliko alivyo karibu na changu! Mwoneshe mwanao picha ya mapezi hayo.