Jibu: Raba mpya za breki, upande wa kishikio na kelele

Ndugu, umeuliza ncha ipi ya kishikio cha raba inapaswa kuelekea mbele, na kwa nini breki za baiskeli yako zinapiga kelele tangu ulipoweka raba mpya.

La kwanza ndilo la hatari. Ncha ya kishikio iliyo wazi, ile ambamo raba huingizwa, itazame nyuma kwa magurudumu yote mawili, kwa sababu unapokaza breki, rimu inayozunguka huisukuma raba kuelekea mbele, na ikikuta njia huko inaweza kuchomoka. Kwa mtu anayeteremka kutoka Kadutu, mtaa wa Bukavu, kwenda mjini, hilo si jambo la kujaribia bahati. Kaza pia skrubu ndogo inayoishika raba, ambayo mafundi wengi, nasikitika kusema, huiacha nusu.

Kuhusu kelele, legeza kidogo boliti ya kishikio kwa ufunguo wa pembe sita, mara nyingi wa milimita 5, kisha weka kipande cha karatasi ngumu kati ya ncha ya nyuma ya raba na rimu ili ncha ya mbele iguse rimu kwanza, kwa tofauti ya takriban milimita 1. Bana breki, kaza boliti, toa karatasi. Hakikisha raba haigusi tairi hata kidogo, kwani itaikata.

Kabla ya hayo yote, safisha rimu kwa spiriti: tope jekundu la Bukavu hubaki juu yake hata linapoonekana limekauka na kupukutika. Kama rimu ni za kaboni, tumia raba zilizotengenezwa kwa ajili ya kaboni pekee.