Maswali ya Wasomaji: Upepo usiotulia utatulizaje gridi?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina mashine ya kusaga hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Umeme ukipungua nguvu, mota inanguruma bila kuzunguka, mkanda unaanza kunuka, na wateja wanabaki kwenye benchi na madebe yao. Juzi tulibishana kuhusu mipango ya umeme wa upepo mkoani Singida. Wenzangu walisema utaiimarisha Gridi ya Taifa. Mimi nikasema haiwezekani, kwa kuwa upepo wenyewe hautulii. Nani yuko sahihi?
Msomaji wa Kibaigwa, Dodoma

JIBU: Hoja yako ina uzito, na nusu yake ni kweli tupu. Tuanzie kwenye mashine yako mwenyewe. Ukizima swichi, nyundo zilizo ndani hazisimami papo hapo, bali zinaendelea kuzunguka, na punje zilizobaki zinasagwa kwa nguvu hiyo ya mzunguko peke yake. Mtu akimimina debe zima kwa mkupuo, mlio unashuka, mota inajikaza, kisha mlio unarudi.

Gridi nayo huenda hivyo hivyo. Mitambo ya maji na ya gesi, kuanzia Mtera na Kidatu hadi Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, huzunguka kwa mwendo uliofungamana, na mwendo huo ndio unaotupa umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja mkubwa ukitoka ghafla, mzigo unabaki uleule, kwa hiyo iliyobaki inaanza kupunguza kasi. Uzito wa vyuma vinavyozunguka huchelewesha mporomoko kwa sekunde chache, hadi malango ya maji yafunguliwe zaidi. Yasipowahi, vifaa vya kinga hukata umeme wa baadhi ya maeneo ili kuokoa mengine.

Sasa, mapanga ya mtambo wa upepo wa kisasa huzunguka kwa kasi inayofuata upepo, wala hayafungamani na mwendo wa gridi, kwa sababu katikati kuna kigeuzi cha kielektroniki kinachopokea umeme wa mwendo wowote na kuutoa ukiwa wa hezi 50. Mtambo huo ukiachwa ulivyo, gridi ikiyumba wenyewe hauna habari. Hapo uko sahihi. Lakini kigeuzi hufuata amri za programu, na kinaweza kuamriwa kwamba mara mizunguko inaposhuka, kichote nguvu iliyomo katika mapanga yanayozunguka na kuisukuma kwenye gridi kwa takriban sekunde kumi. Kampuni ya Hydro-Québec ya Kanada iliweka sharti la namna hiyo kwa mashamba makubwa ya upepo tangu mwaka 2005. Msaada huo, hata hivyo, ni mkopo: mapanga yakishapungua kasi huzalisha kidogo kwa muda hadi yajirudi, na mwendesha gridi asipolitazamia hilo atajikuta na pengo la pili.

Njia ya pili haina mkopo, ila ina gharama. Mapanga hugeuzwa pembe kidogo ili mtambo uzalishe pungufu ya kile ambacho upepo ungeruhusu, mathalani asilimia 90, na ile 10 iliyobaki iwe akiba ya kuitwa wakati wowote. Kwa kuitikia haraka, mitambo hii haina cha kuionea haya mitambo ya maji. Tatizo liko kwenye karatasi: mwenye shamba akilipwa kwa kila uniti anayouza tu, hana sababu ya kuacha uniti yoyote ipite na upepo. Kwa maoni yangu, swali la Singida liko zaidi katika mikataba kuliko katika mapanga, kwani akiba isiyolipiwa haitawekwa na mtu.

Kuna pia suala la volti, ambazo huelekea kushuka kadiri njia ndefu ya umeme inavyobebeshwa mzigo. Kigeuzi kilichoundwa kwa kazi hiyo huweza kuzipandisha au kuzishusha kwenye njia kilikounganishwa, hata usiku ambao hakuna jani linalotikisika.

Kwamba mipangilio ndiyo inayoamua, watu wa jimbo la South Australia walilijua kwa gharama kubwa. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha nguzo za njia kuu za umeme, volti zikashuka mara kadhaa ndani ya dakika mbili, na mashamba kadhaa ya upepo yakapunguza kwa ghafla megawati 456. Upepo haukuwa umekatika. Mitambo ilikuwa imepangiwa kuvumilia idadi fulani tu ya mishtuko, na idadi hiyo ilipopita ikajipunguza. Umeme ulipotea jimbo zima, na baadaye mipangilio ikarekebishwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 shamba la upepo la Dersalloch huko Scotland lilitumika kuamsha sehemu ya gridi iliyokuwa imezimwa, kazi ambayo kwa desturi ilikuwa ya mitambo mizito inayozunguka.

Kwetu kuna jambo lingine la kuzingatia. Kanda ya kati hupata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni vumbi na upepo wa kusi, wakati uleule ambao Mtera inateremka. Upepo ukivuma, maji yanabaki bwawani. Ukitulia, yanafunguliwa, na yale yaliyookolewa Mtera hupita baadaye Kidatu na kuzalisha tena. Huko Mufindi, mitambo mitatu ya upepo yenye jumla ya megawati 2.4 iliwekwa kushirikiana na kituo cha maji cha Mwenga chenye megawati 4, kwa hesabu hiyo hiyo ya kiangazi.

Kuhusu mota yako, nisikudanganye: shamba la upepo Singida halitaiponya. Mota inayonguruma bila kuzunguka kwa kawaida inalalamikia waya mwembamba au mrefu kutoka transfoma, au fezi moja iliyokatika. Izime mara moja kabla haijaungua, na fundi apime volti za fezi zote tatu mashine inapoanza kazi.

SWALI: Nimesikia kwamba mitambo ya upepo husimama upepo ukiwa mkali sana. Kwa nini iache kazi penye mavuno?
Msomaji wa Manyoni, Singida

JIBU: Ni kujilinda. Mitambo mingi husimama upepo ukifikia kasi ya mita 25 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, kabla vyuma havijaumia. Kwa gridi, kusimama si hatari sana. Hatari ni shamba zima kusimama kwa mara moja. Ndiyo maana mitambo ya siku hizi huweza kupangwa ipunguze kidogokidogo kadiri upepo unavyozidi, na ndiyo maana ni afadhali mashamba yatawanywe, mengine Singida, mengine Makambako, kwa kuwa dhoruba moja haifiki kote kwa saa ileile.